Ijumaa ya Mwanachuo ni ya Nani?

Ijumaa jioni, jua likizama upande wa bara na bahari ya Mbweni ikianza kugeuka rangi ya risasi, mambo matatu hutokea kwa wakati mmoja. Adhana ya magharibi inasikika. Wasabato wanafungua Sabato yao, maana kwao siku huanza jua linapotua. Na kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, kuanzia Tegeta hadi Bunju, wahudumu wa baa wanapanga meza za plastiki nje, jiko la nyama choma linawashwa, spika inajaribiwa. Vijana wameipa siku hiyo jina la Furahidei. Kwa Mwislamu ndiyo siku ya swala kuu, kwa mlokole mara nyingi ni usiku wa mkesha, na kwa mwenye baa ni mwanzo wa siku tatu zinazolipa pango la mwezi.

Mbweni si mtaa wa chuo. Ni pembe tulivu ya Kinondoni inayojulikana kwa kambi ya JKT, kwa upepo wa bahari na kwa kuta ndefu za nyumba za watu waliokwisha kustaafu. Lakini nyumba hizo zina watoto, na watoto hao wanasoma Mlimani, Ardhi, Mikocheni, wengine Bagamoyo. Wanatoka alfajiri na kurudi na foleni. Wakichoshwa na foleni, wanaungana wawili watatu na kupanga chumba karibu na chuo. Chumba hicho kinaitwa geto. Kijana yuleyule basi ana makazi mawili: nyumbani, ambako mama hulala sikio moja likiwa getini, na geto, ambako hakuna anayeuliza umerudi saa ngapi. Ukitaka kujua kama dini inamzuia mwanachuo kunywa, mfuate huyu anayehama kati ya sehemu hizo mbili. Imani yake haibadiliki ndani ya daladala. Kinachobadilika ni nani anamwona.

Niseme mapema ninakoelekea. Dini inapunguza ulevi vyuoni, hilo sina ubishi nalo. Ila nguvu yake haitoki sana mimbarini wala katika hofu ya moto wa jehanamu. Inatoka katika ratiba na katika watu wanaokujua kwa jina. Na nguvu hiyohiyo ina upande wake mbaya, ambao viongozi wa dini hawapendi kuuzungumzia.

Tuanze na takwimu zilizopo. Sensa za Tanzania haziwaulizi watu dini tangu ile ya 1967, kwa hiyo anayekutajia asilimia ya Wakristo au Waislamu wa nchi hii wanaokunywa anakisia tu. Kilichobaki ni tafiti za maeneo. Mmoja ulio mpana ni ule uliochapishwa mwaka 2015 na Joel Francis na wenzake, waliowahoji vijana 1,954 wa umri wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza. Waliwagawa makundi manne: wanafunzi wa sekondari, wanafunzi wa vyuo, vibarua, na wenye ajira. Wengi tungeweka dau kwa vibarua. Walioongoza ni wanavyuo: asilimia 45 ya wanaume na 26 ya wanawake walikuwa wanakunywa. Vibarua walifuata nyuma yao.

Utafiti huo ulionyesha pia mambo yanayoambatana na kunywa: kuwa mwanaume, kuwa na mpenzi, kuwa na fedha ya ziada mfukoni, na kutokuwa Mwislamu. Hilo la mwisho lingeweza kumpa khatibu hotuba nzima ya Ijumaa. Asome orodha yote, maana fedha imo humohumo. Na asome pia kwamba Kilimanjaro iliizidi Mwanza kwa mbali. Kilimanjaro ni nchi ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi inayopelekwa kuposa, inayonywewa matangani na inayosuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Kijana wa Kirombo anayesema ni Mkatoliki ametaja imani yake na wakati huohuo ametaja kwao. Takwimu haiwezi kutenganisha hayo mawili, na sisi tusijifanye tunaweza.

Kule Eldoret nchini Kenya, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2011 waliwahoji wanafunzi 500 wa vyuo. Zaidi ya nusu walikuwa wamewahi kunywa pombe. Walipowauliza waliowahi kutumia kilevi chochote nani aliwaanzisha, karibu robo tatu walimtaja rafiki. Nitarudi kwa huyo rafiki.

Kabla ya hapo, neno lenyewe "chuo". Kwa wazee wa pwani, chuo kilikuwa kitabu, na kilikuwa pia mahali ambapo mtoto aliketi mkekani na ubao wake akisomeshwa Kurani. Mwanachuoni alikuwa mtu wa elimu ya dini, na mpaka leo tunasema wanazuoni. Upande wa pili wa imani mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mbweni nyingine, ile ya Unguja, ndiko Waanglikana wa misheni ya UMCA walikoanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa na shule ya wasichana katika miaka ya 1870. Kule Buganda, waliobatizwa waliitwa wasomaji. Kusoma na kuingia dini vilikuwa safari moja, na kwa wengi safari hiyo ilimaanisha kuacha ngoma za usiku na kibuyu cha pombe. Leo neno limegeuka. Ukisema "mwanachuo" Dar es Salaam, anayekusikia anawaza simu janja, kitambulisho shingoni na bumu, ile fedha ya Bodi ya Mikopo.

Kwa mafundisho, mipaka inajulikana. Uislamu umeharamisha kileo, na Kurani ilifika katika katazo hilo kwa hatua, si kwa siku moja. Wasabato wanakataza. Makanisa ya Kipentekoste yanakataza, na walokole wamerithi msimamo wa uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia kwetu kupitia Bukoba, ambapo mtu alisimama mbele ya wenzake akatubu ulevi wake kwa sauti. Wakatoliki hawakatazi kunywa. Wanakataza kulewa, na divai iko altareni. Walutheri na Waanglikana wanatofautiana hata dayosisi kwa dayosisi, kikao kwa kikao.

Kama mafundisho yangetosha, tungejua nani anakunywa kwa kuangalia cheti cha ubatizo. Lakini twende kwenye sherehe ya kipaimara pale Boko au Tegeta, Jumapili mchana. Turubai limefungwa, mtoto wa miaka kumi na mitatu amevaa suti nyeupe, Roho Mtakatifu ameshushwa asubuhi na askofu. Saa nane mchana kreti za bia zinateremshwa kutoka kwenye gari. Kamati ilikaa wiki tatu kupanga bajeti, na fungu la vinywaji lilipita bila kupigiwa kura. Mtoto anaona: sakramenti, pilau, bia, kwa mpangilio huo. Hakuna aliyemwambia kwamba bia ni sehemu ya kipaimara. Hakuna haja ya kumwambia. Atakapofika chuoni na kualikwa kusherehekea kumaliza mitihani, atakuwa amekwisha fundishwa kwamba furaha bila kreti ni kikao.

Nasema hivi si kwa kuwasimanga Wakatoliki. Ninataka kuonyesha kwamba dini inayoingia chuoni na kijana ni ile aliyoiona ikitendwa kwao, na hiyo si lazima ifanane na iliyoandikwa katika katekisimu. Hata nyumba za Waislamu zina yao. Wiki ya mwisho ya Shaaban, watu wa pwani huwa na vunja jungu. Zamani zilikuwa karamu za kuagana na mlo wa mchana kabla ya mfungo. Mjini Dar es Salaam siku hizi neno hilo kwa vijana wengi maana yake ni kunywa kwa nguvu mara ya mwisho, kisha chupa inawekwa chini mwezi mzima. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza kwa kupishana siku chache tu, mwanzoni mwa Machi. Meza ambazo jana yake zilijaa zilibaki na wachache, wakitazama mpira kwa soda. Huyu anayekunywa Shaaban na kuacha Ramadhani tumweke wapi? Anakunywa, naam. Lakini dini inamtawala kwa kalenda, na anaitii kalenda hiyo kuliko anavyolitii tangazo lolote la afya.

Nje ya kwetu swali hili limesumbua watu kwa miaka mingi. Mwaka 1953, Robert Straus na Selden Bacon wa Yale walichapisha uchunguzi wao wa unywaji katika vyuo 27 vya Marekani. Waligundua jambo la ajabu. Wanafunzi wa Kiyahudi, karibu wote walikunywa, lakini waliolewa na kupata matatizo walikuwa wachache. Wamormoni, ambao dini yao inakataza kabisa, waliokunywa walikuwa wachache, lakini hao wachache waliharibikiwa sana. Aliyekua akionja divai mezani kwa baba yake siku ya Sabato alijua kikomo. Aliyevunja katazo hakuwa na kikomo alichofundishwa, kwa sababu kwake tone moja na chupa nzima vilikuwa dhambi ileile.

Kisha mwaka 1969 Travis Hirschi na Rodney Stark walipima vijana wa Richmond, California, wakakuta kwamba wanaokwenda kanisani na kuamini kuwa jehanamu ipo hawakuwa na makosa machache kuliko wenzao. Miaka mitano baadaye Steven Burkett na Mervin White walirudia hesabu hiyo na kuleta marekebisho ninayoyaona ya maana kwetu. Kwa makosa kama wizi na kupigana, dini haiongezi kitu kikubwa, kwa sababu sheria, shule na wazazi wote tayari wanasema hapana. Kwa pombe na bangi, dini inaonekana kufanya kazi zaidi, kwa sababu huko jamii yenyewe ina kigugumizi. Dini inasikika pale ambapo wengine wamenyamaza.

Chukua hoja hiyo uilete Barabara ya Bagamoyo. Sheria inasema aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima. Mwanachuo hana anayeweza kumkatalia bia. Chuo kina kanuni ya kutokunywa ndani ya uzio, na baa iko mita chache nje ya uzio. Baba anakunywa. Mjomba anasema "mpe mtoto bia moja, ashakua huyo." Matangazo yamebandikwa kila kituo cha daladala. Katika makubaliano hayo yote, sauti pekee inayosema hapana ni ya imamu, ya mchungaji, na ya dada kiongozi wa kwaya.

Huyo dada wa kwaya ndiye ninayetaka kumtazama. Vyuo vyetu vina mtandao mnene wa jumuiya za wanafunzi wa dini: TMCS kwa Wakatoliki, USCF kwa makanisa yaliyo chini ya CCT, TAFES na CASFETA kwa walokole, TUCASA kwa Wasabato, MSAUD kwa Waislamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyinginezo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anashuka na begi lake hajui mtu, na wa kwanza kumbebea begi mara nyingi ni mwanajumuiya. Wanamwonyesha kantini ya bei nafuu, wanamtafutia pa kulala, wanampa notsi za kaka yao wa mwaka wa tatu. Wiki ya pili yumo kwenye kundi la WhatsApp. Jumatano kuna mazoezi ya kwaya, Alhamisi kuna darsa au maombi, Ijumaa kuna mkesha, Jumamosi kuna usafi na michezo, Jumapili ibada. Asipoonekana, simu inaita.

Hapo ndipo dini inaposhinda baa. Kijana wa miaka ishirini hakai chini kupima hoja za kunywa na kutokunywa. Anaangalia usiku wa Ijumaa una nafasi ama hauna. Wale wa Eldoret waliosema rafiki ndiye aliyewaanzisha walikuwa wanatueleza kitu kilekile kutoka upande wa pili: yeyote anayekuwa wa kwanza kuijaza jioni ya mwanachuo ndiye anayemchagulia kinywaji.

Jumuiya inampa pia kitu kidogo chenye thamani kubwa, nacho ni sababu ya kukataa bila kumkwaza mtu. Mezani kwetu kukataa bia ni kazi. Ukisema hutaki, unaulizwa una nini. Watu wamezoea kujitetea kwa kusema "niko kwenye dozi," na wote wanacheka maana dozi ya malaria ni siku tatu. Anayesema "mimi nimeokoka" au "mimi Mwislamu" ana dozi isiyoisha, na mhudumu mwenyewe anageuka kumletea Fanta.

Bumu nalo linastahili neno. Bodi ya Mikopo ilipandisha posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000 mwaka 2022. Fedha hiyo haiji siku kwa siku. Inakuja kwa mkupuo wa wiki kadhaa. Kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili anaamka na laki kadhaa kwenye akaunti, na bia moja ni elfu mbili na ushei. Wauza baa wa karibu na vyuo wanajua tarehe za bumu kuliko wahadhiri. Jumuiya za dini nazo zinazijua: zaka, sadaka, michango ya kwaya, sare, safari ya kwenda kongamano Morogoro. Kwa mchumi asiye na imani, hizi ni taasisi mbili zinazogombea fedha ileile, usiku uleule. Mchumi huyo hatakuwa amekosea sana.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Kwanza, huenda tunaisifu dini kwa kazi ambayo haikuifanya. Asiyependa pombe ndiye anayevutiwa na mkesha. Anayeipenda haji, au anakuja mara moja. Ukipima wanajumuiya na kukuta hawanywi, umepima kwa sehemu tu watu waliokuwa hawanywi tangu kwao. Pili, dodoso la utafiti linajibiwa na binadamu. Mtoto wa sheikh anayekunywa konyagi geto hataweka alama ya ndiyo kwenye karatasi, hata ukimwapia kwamba jina lake halitaandikwa. Kwa hiyo ninaziamini takwimu za Waislamu na walokole kidogo chini ya ninavyoziamini za Wakatoliki, ambao hawana cha kuficha.

La tatu ndilo linaloniuma. Kile walichokiona Straus na Bacon kwa Wamormoni, mitaa yetu inakijua kwa majina mengine. Kijana wa jumuiya akianguka, hanywi baani mbele za watu, ambako kuna kelele, kuna nyama, kuna rafiki wa kumwambia basi twende. Ananunua chupa ndogo ya pombe kali dukani, anaifunga kwenye mfuko mweusi, anakwenda kuinywea chumbani amefunga mlango. Kwa miaka kadhaa pombe hiyo ilikuwa kiroba, mfuko wa plastiki uliouzwa kwa bei iliyokaribia nauli ya daladala na kuingia mfukoni mwa shati. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017. Uganda ilifuata miaka miwili baadaye. Marufuku ile ilisaidia, ninaamini, kwa sababu ilipandisha bei ya kuanza. Lakini viwanda viligeukia chupa ndogo za plastiki, na mnywaji wa siri akapata chombo kipya.

Na habari zikivuja, nini kinampata? Anavuliwa uongozi. Anaondolewa kwenye kwaya "kwa muda." Anatolewa kwenye kundi la WhatsApp, na kwa kizazi hiki hilo ni sawa na kufukuzwa kijijini. Wale waliokuwa wanapiga simu asipoonekana sasa hawapigi, kwa aibu au kwa kudhani kuna mwingine anayepiga. Jumuiya iliyomlinda kwa sababu ilizijaza jioni zake imezirudisha zote kwake kwa mkupuo, kama bumu. Mlango unaobaki wazi ni wa baa, ambako hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Dini zetu za chuoni ni hodari kumzuia kijana asinywe glasi ya kwanza. Kumrudisha aliyefika ya tano, nyingi hazijajifunza, na kinachokera ni kwamba zote zina mafundisho ya toba yaliyokamilika kabisa. Uamsho wa Gahini ulijengwa juu ya mlevi aliyesimama akasema mimi ni mlevi. Vyuoni leo anayesimama kusema hivyo anatafutiwa nafasi ya nyuma.

Vyuo vyenyewe vya dini havijalitatua hili. Kanuni zao ni kali, na ndani ya uzio pombe hakuna. Lakini kanuni ikigundua mwanafunzi amelewa, inampeleka kamati ya nidhamu. Ushauri nasaha upo kwenye chati ya utawala. Mwanafunzi anayejua ofisi yake iko jengo gani ni wa kutafuta kwa tochi.

Wazazi wa Mbweni, na wa Temeke, na wa kokote mnakopeleka watoto vyuoni: msitosheke kwa sababu kijana amesema yuko TMCS au MSAUD. Ulizeni Ijumaa yake inakwendaje, na anakaa na nani geto. Kamati za kipaimara, fungu lile la vinywaji lipigiwe kura hata mara moja, mbele ya mtoto anayesherehekewa. Nanyi viongozi wa jumuiya za wanafunzi, mnaosoma haya pengine mkisubiri mkesha uanze: fungueni daftari la mahudhurio. Kuna jina lililokuwa linakuja kila wiki na sasa wiki ya tatu halijaonekana. Mpigieni leo, kabla baa hazijaanza kujaa.